Nobel, mwenye dinamiti aliyekataa dawa yake

Jina la Nobel linajulikana sana hapa Kivu tangu 2018, wakati munganga Denis Mukwege wa Bukavu alipopewa zawadi ya amani. Lakini mwenye jina lile alikuwa muntu wa dinamiti.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Alitafuta namna ya kutumia nitrogliserini, mafuta yenye kulipuka ambayo Mwitalia Ascanio Sobrero aligundua mwaka wa 1847. Mwaka wa 1864 kiwanda chao kililipuka, mdogo wake Emil akakufa pamoja na watu wengine. Nobel hakuacha. Alichanganya yale mafuta na udongo wenye kuyanyonya, na mwaka wa 1867 akaandikisha dinamiti. Ikamutajirisha.

Watumishi wa viwanda vya dinamiti walikuwa wanaumwa kichwa sana, juu nitrogliserini inapita kwa ngozi na kwa pumzi, inapanua mishipa ya damu. Kumbe sumu ile iko na faida: mwaka wa 1879 munganga William Murrell wa London alionyesha kwamba kidogo tu inatuliza maumivu ya kifua kwa wagonjwa wa moyo. Nobel mwenyewe alipougua moyo, waganga walimwandikia dawa hiyo. Akakataa. Alikufa San Remo, Italia, tarehe 10 Desemba 1896, na mali yake ikaanzisha zile zawadi.

Mwaka wa 1998, zawadi yake ya tiba ilipewa Wamarekani 3: Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad. Walionyesha kwamba mshipa wa damu unatengeneza wenyewe gesi, oksidi ya nitrojeni. Mchimbaji wa Ntoto akipiga nyundo, damu inakimbia mbio mkononi. Ngozi ya ndani ya mshipa inasikia ule mwendo, inatoa gesi, misuli ya mshipa inalegea, njia inapanuka. Haingoje amri ya kichwa. Nitrogliserini inaleta gesi ileile kutoka inje.

Basi, kichwa kikiuma kisha baruti kulipuka, usiseme ni uchovu tu. Toka shimoni, pata hewa safi: moshi ule unabeba pia gesi zenye kuua. Na ile dawa ya moyo, ni munganga tu anaitoa.