Askofu Aliyeitwa Moto Moto

Tumeona katika sura hii kwamba uradidi huweza kuibadili nomino. Maji ni nomino, lakini katika uji wa majimaji neno hilo linaeleza sifa. Vivyo hivyo moto na habari motomoto. Wanachuo watakaofundisha Kiswahili Lilongwe, au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, watakuta kwamba Kichewa nacho kina neno moto, kwa maana ileile. Basi tusome maisha ya mtu aliyeitwa kwa neno hilo.

Joseph Dupont alizaliwa Gesté, Ufaransa, mwaka 1850, akajiunga na shirika la Mapadri Weupe. Alitumwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1895 alianzisha misheni ya Kayambi katika nchi ya Wabemba, Zambia ya leo, na mwaka 1897 aliteuliwa kuwa askofu wa vikarieti ya Nyassa, iliyoifikia pia Malawi ya leo. Yasimuliwa kwamba aliitwa Moto Moto kwa kuwa aliagiza moto kila mara ili awashe kiko chake.

Mwezi Oktoba 1898 Mwamba, chifu mkubwa wa Wabemba, alikuwa mahututi, akamwita. Kifo cha mtawala kama huyo kiliweza kufuatwa na mauaji. Kwa hiyo wengi walimkimbilia Dupont, naye akawapa hifadhi. Kisha akadai kwamba marehemu alimwachia nchi. Maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini hawakumkubalia utawala, ila mwaka 1899 misheni ya Chilubula ilianzishwa huko.

Mwaka 1902 wamisionari wa vikarieti yake walifungua misheni ya Likuni, karibu na Lilongwe. Dupont alijiuzulu mwaka 1911, akafariki Thibar, Tunisia, mwaka 1930. Mwaka 2000 mabaki yake yalirejeshwa Chilubula. Makumbusho ya Mbala, Zambia, yana jina la Moto Moto hadi leo.

Tusiharakishe kumhukumu, wala kumtukuza. Kuwahifadhi wenye hofu ni jambo moja. Kudai kiti cha mtawala wao ni jambo jingine. Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994, wanaishi watu waliokimbia Kongo, Burundi na Rwanda, wanaoijua tofauti hiyo. Mwalimu atakapoufundisha uradidi huko, awaachie wanafunzi waamue wenyewe: je, jina hili lataja moto uotwao, au moto uunguzao?