Paul Bomani na Mizani ya Mkulima

Mgeni afikaye Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, husikia kwanza habari za dhahabu: maduara, mifuko ya mawe, na bei ya gramu. Lakini ugomvi kati ya maskini na mizani haukuanza na dhahabu katika nchi hiyo. Wazee wa Usukuma waliujua kwanza katika pamba, na mtu aliyewaongoza kuumaliza alikuwa Paul Bomani, ambaye vijana wengi wa leo wamelisikia jina lake tu.

Alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, upande wa Musoma, mwana wa mhubiri wa Kiadventista wa kabila la Wasukuma. Baada ya vita kuu ya pili alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, si mbali na Shinyanga, kisha akahamia Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Twaweza kudhani ya kuwa ukarani ulimfundisha jambo ambalo hotuba hazifundishi, yaani kwamba mtu hudhulumiwa kimya kimya, ndani ya daftari.

Nayo dhuluma ya pamba ilikuwa hivyo hivyo. Serikali ya kikoloni ilitangaza bei kila msimu, na kwa karatasi mkulima alikuwa na haki yake. Lakini mnunuzi ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyeandika daftari, na mara nyingi pamba ilikwenda katika kinu cha ndugu yake. Mkulima aliyetembea mchana kutwa na mzigo kichwani, asiyejua kusoma tarakimu, angemwuliza nani? Bei ya serikali ilikuwapo. Njia ya kuifikia haikuwapo.

Mwaka 1952 Bomani alizunguka vijijini akiwakusanya wakulima, na chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kikaundwa. Hapo ndipo busara yake ilipoonekana. Hakuwaambia watu waikimbie serikali, wala hakuwaambia waingoje. Aliwataka wajiunge wenyewe, wachague kamati zao, wanunue mizani yao, kisha waidai serikali iandikishe vyama vyao kwa sheria, ilete maofisa wa ushirika wa kukagua hesabu, na iwape ruhusa ya kununua pamba. Maofisa walisita mwanzoni, kisha wakakubali. Mwaka 1953 vyama vya kwanza vilianza kununua, naye Bomani akaenda Uingereza kusoma katika chuo cha ushirika cha Loughborough. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama hivyo, ambao watu waliujua kama Victoria Federation.

Miaka hiyo haikuwa rahisi. Tangu mwaka 1954 hata 1958 TANU ilikatazwa kufanya kazi Usukumani, na Bomani alilazimika kuchukua tahadhari ili ushirika usifungwe pamoja na siasa. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana mpaka Mwanza kulipinga baraza la mseto walilowekewa, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Wapo waliomwona Bomani kuwa mpole mno. Sisi twaona ya kuwa upole ule ulilinda mizani, kwa maana ilipofika mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya Usukuma ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe, na ushirika ulikuwa umejipatia vinu vyake.

Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo, baadaye wa Fedha. Kisha likatokea jambo lisilosahaulika: katika uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa Mwanza, mjini kwake, akiwa bado waziri. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrudisha serikalini, lakini wananchi walikuwa wamekwisha sema.

Nao ushirika ulikuwa umepatwa na maradhi. Ulikua upesi, makatibu wengine wakala fedha za wanachama, na mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza. Muda si mrefu serikali ikauchukua usimamizi wa muungano wa Victoria, na mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Dawa hiyo ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Mkulima aliyepigania kuwa mwenzi wa serikali alijikuta tena akipanga foleni mbele ya mizani ya mtu mwingine, safari hii ya mamlaka ya umma. Vyama vikuu vilirudishwa miaka ya 1980, lakini imani iliyovunjika haikurudi kwa tangazo la serikali.

Bomani alikuwa balozi Marekani tangu mwaka 1972 hata 1983, akafariki mwaka 2005. Hakuona soko la madini la serikali lililofunguliwa Geita mwaka 2019, ambako dhahabu hupimwa hadharani na bei hubandikwa wazi. Mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo ana haki ya soko la namna hiyo. Lakini kati ya duara na soko yuko mwenye mtaji, aliyelipia chakula na mafuta ya pampu, na mifuko hugawanywa pale pale shimoni kabla mchimbaji hajaiona mizani.