Lázaro Kavandame: Kutoka Ushirika wa Wakulima hadi Vita vya Ukombozi

Utangulizi
Uwanda wa Newala, Tanzania, na uwanda wa Mueda, Msumbiji, hutenganishwa na bonde la Mto Ruvuma. Wamakonde wanaishi pande zote mbili. Kwa hiyo maisha ya Lázaro Kavandame, Mmakonde wa Msumbiji, ni sehemu pia ya historia ya kusini mwa Tanzania.

Mwanaushirika
Kama Wamakonde wengi wa wakati wake, Kavandame aliwahi kufanya kazi Tanganyika. Kwao, Wareno waliwalazimisha wakulima kulima pamba na kuiuza kwa bei ya chini. Mwaka 1957 aliongoza kuanzishwa kwa ushirika wa Waafrika wakulima wa pamba. Wareno waliuruhusu, lakini ulipopata wanachama wengi waliubana. Tarehe 16 Juni 1960 walifyatulia risasi umati uliokusanyika Mueda. Wengi wakaona kwamba madai ya amani hayatoshi.

Kiongozi wakati wa vita
FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na baadhi ya wapiganaji walifunzwa Nachingwea, kaskazini mwa Masasi. Kavandame aliongoza raia wa jimbo la Cabo Delgado. Pia alisimamia biashara: mazao ya wakulima yalivushwa Ruvuma kuja Tanzania, na bidhaa za lazima zikarudishwa kwao.

Chanzo cha mgogoro
(i) Alituhumiwa kujinufaisha kwa biashara hiyo huku wakulima wakikosa bidhaa.
(ii) Yeye na wenyeviti wenzake hawakukubali raia wawe chini ya makamanda wa jeshi.
(iii) Alitaka Cabo Delgado ijitenge, kwa kuwa Wamakonde walibeba mzigo mkubwa wa vita. FRELIMO ilipigania Msumbiji moja.

Anguko
Mwaka 1968 alisusia Mkutano Mkuu wa Pili wa FRELIMO. Desemba mwaka huo kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa kwenye mpaka wa Ruvuma, na Kavandame akalaumiwa. Januari 1969 alisimamishwa uongozi. Tarehe 3 Februari Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam. Muda mfupi baadaye Kavandame alijisalimisha kwa Wareno na kuwataka Wamakonde waache vita. Walio wengi hawakumfuata. Hatimaye FRELIMO ilimfunga, kisha ikamuua bila kumfikisha mahakamani.

Tathmini
Mtahiniwa asiishie kumwita msaliti. Ushirika wake uliwafundisha wakulima kuungana, na umoja huo ukawa msingi wa vita. Hata hivyo, aliuona umoja huo kuwa mali ya kabila na ya viongozi wake. Kifo chake nacho kinaonyesha kwamba waliomshinda hawakumtendea haki.

Swali la kujipima
Eleza sababu tatu zilizomtenganisha Kavandame na FRELIMO, kisha onyesha ipi ilikuwa nzito zaidi.