Shilingi ya Fundi Viatu

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 28:13, Luka 16:10–12, 1 Wakorintho 13:11, Wakolosai 3:22–24, 1 Timotheo 3:4, 5.

Wakristo wengi wanamkumbuka William Carey kama mmisionari aliyetafsiri Biblia huko India. Ni wachache wanaokumbuka kwamba safari yake na Mungu ilianzia kwenye wizi mdogo wa fedha ya mwajiri wake.

Carey alizaliwa mwaka 1761 katika kijiji cha Paulerspury, Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji, kisha mwalimu wa kijiji. Ngozi ya kijana huyu haikuvumilia jua la shambani, hivyo wazazi wake wakampeleka kijiji cha Hackleton ajifunze ushonaji wa viatu.

Wakati wa Krismasi vijana waliojifunza kazi walikuwa na desturi ya kuomba zawadi kwa wafanyabiashara walioshughulika na mabwana zao. Mwenye duka la vyuma alimpa Carey achague kati ya sarafu ya peni sita na shilingi nzima. Akachagua shilingi. Baadaye, alipokwenda kununua vitu vyake mwenyewe, aligundua kwamba shilingi ile ilikuwa bandia. Mfukoni alikuwa pia na fedha ya bwana wake aliyokuwa ametumwa nayo. Akatoa shilingi nzuri ya bwana wake, akaweka ile mbaya mahali pake, na kukusudia kusema kwamba ya bwana wake ndiyo iliyokuwa bandia.

Njiani kurudi aliomba. Alimwomba Mungu amfanikishie uongo huo mmoja tu, naye akaahidi kuacha uovu wa namna hiyo tangu siku ile. Mungu hakulijibu ombi hilo kama alivyotaka. Bwana wake alishuku, akamtuma kijana mwingine kwenda kuuliza dukani, na ukweli ukajulikana. Kwa muda Carey aliona haya hata kutoka nje, akidhani kila mtu kijijini anaijua habari yake. Aibu hiyo ndiyo iliyomwonyesha jinsi alivyomhitaji Mwokozi.

Je, hatujawahi kuomba kama yeye? Mtoto akivunja chungu huomba asigunduliwe. Mtu mzima hukubali kosa, hulipa hasara na kuomba rehema. Mithali 28:13 inaweka kuungama na kuacha dhambi pamoja. Haitoi njia ya kufichwa kwanza na kutubu baadaye.

Tangu hapo maisha ya Carey yakaonyesha badiliko. Fundi wa pili aliyemfanyia kazi alipofariki, Carey, akiwa bado kijana na mwenye familia yake, aliibeba biashara yenye madeni na kumtunza mjane wa marehemu. Alishona viatu, akafundisha shule, akachunga kanisa dogo, na kujifunza lugha akiwa na kitabu karibu na meza ya kazi.

Mwaka 1793 alisafiri kwenda India pamoja na familia yake. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili. Mara tu alipoona kwamba mshahara unamtosha, aliiandikia jumuiya ya wamisionari iliyomtuma kuwa hahitaji tena fedha zao, na kwamba wazitumie kufungua kazi mahali pengine. Hakuna aliyemdai afanye hivyo. Barua ya kutoka India ilichukua miezi mingi kufika Uingereza, na angeweza kuendelea kupokea fedha mbili kwa muda mrefu bila kuulizwa. Kijana aliyebadilisha shilingi alikuwa amekua.

Kuanzia mwaka 1801 alifundisha katika Chuo cha Fort William, Calcutta, kwa mshahara wa rupia 500 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo iliingia katika mfuko wa pamoja wa wamisionari wa Serampore. Usiku wa tarehe 11 Machi 1812, moto uliteketeza nyumba yao ya kupigia chapa. Tafsiri, sarufi na kamusi aliyoifanyia kazi kwa miaka vikawa majivu. Carey alilia. Kisha yeye na wenzake wakatafuta katika majivu, wakakuta vifaa vya kutengenezea herufi vimesalia, wakaanza tena. Muda si muda mashine zilikuwa zikichapa.

Mwezi Desemba 1829 serikali iliipiga marufuku desturi ya kuwachoma wajane wakiwa hai pamoja na maiti za waume zao, naye akaletewa amri hiyo aitafsiri kwa Kibengali. Ilimfikia Jumapili, siku aliyopaswa kuhubiri. Alimwomba mwingine ashike mimbari, akaketi na msaidizi wake mpaka kazi ikaisha siku ile ile, kwa kuwa aliogopa kwamba kuchelewa kwake kungegharimu uhai wa mjane fulani.

Lakini tusiifiche sehemu nyingine ya habari yake. Mkewe, Dorothy, hakutaka kwenda India na alikubali dakika za mwisho. Mwaka 1794 mtoto wao Peter, mwenye umri wa miaka mitano, alifariki. Akili ya mama huyo ikaugua, wala hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807. Carey alikaa naye nyumbani miaka hiyo yote, huku akitafsiri katika chumba cha jirani. Wana wake walikua bila malezi ya kutosha. Mtu aliyesimamia kiwanda na mashine za chapa alishindwa kuwarudi watoto wake. Hannah Marshman, mke wa mmisionari mwenzake, pamoja na William Ward, ndio waliowashika mkono. Kwa neema ya Mungu, Felix, mwana mkubwa, alikuja kuwa mmisionari.

Hapa ndipo somo linapotugusa. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kazini, akasifiwa kanisani, na bado nyumbani kwake wakawapo wanaomngoja. Paulo, katika 1 Timotheo 3:5, anaanza kupima wajibu mlangoni pa nyumba ya mtu mwenyewe. Carey alifariki mwaka 1834 bila kurudi Uingereza tena. Mungu alimtumia sana. Na pengo lililoachwa nyumbani mwake Mungu alilifunika kwa mikono ya wengine. Neema hiyo tuipokee kwa shukrani, tusiifanye kisingizio.

Maswali ya Kujadili

1. Ni "shilingi" gani ndogo za mwajiri tunazozibadilisha leo: saa za kazi, chenji, vifaa vya ofisi? Wakolosai 3:22–24 inasema tunamtumikia nani?

2. Ni wakati gani uliomwomba Mungu akufiche badala ya kukusamehe? Je, kuna mtu unayepaswa kumrudishia kitu juma hili?

3. Ni nani katika kanisa lenu anahitaji "Hannah" wa kumsaidia kulea, na darasa lenu linaweza kufanya nini bila kumhukumu?