Harris: Kamanda aliyeteketeza miji kabla ya sheria kukataza

ARTHUR Harris alizaliwa Cheltenham, Uingereza, mwaka wa 1892. Ujanani alihamia Rhodesia, akapigana na Wajerumani katika eneo ambalo leo ni Namibia, kisha akajiunga na wanahewa wa Uingereza mwaka wa 1915.

Februari 1942 alikabidhiwa kikosi cha ndege za kuangusha mabomu. Siku chache awali, kikosi hicho kilikuwa kimeamriwa kulenga miji ya Ujerumani ili kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Harris hakuitunga amri hiyo, lakini aliitekeleza kwa ari isiyo kifani. Hamburg iliteketea Julai 1943. Dresden ikafuata Februari 1945, watu wapatao 25,000 wakaangamia. Marubani na wahudumu wa ndege zaidi ya 55,000 wa kikosi hicho nao walifariki vitani.

Je, mkakati huo ulikuwa halali? Mkataba wa Hague wa 1907 ulikataza kushambulia miji isiyolindwa, ilhali Ujerumani ililinda miji yake kwa mizinga. Kanuni za vita vya angani zilizoandikwa 1923 hazikupata kuwa sheria. Mahakama ya Nuremberg nayo iliwahukumu viongozi wa Ujerumani pekee.

Itifaki ya Geneva ya 1977 ndiyo iliyoharamisha kushambulia mji mzima kana kwamba ni shabaha moja. Harris alifariki 1984 bila kushtakiwa. Uingereza iliidhinisha itifaki hiyo mwaka wa 1998, sanamu yake ikiwa imesimama London tangu 1992.