Conrad Jobst: mugonjwa wa miguu aliyevumbua soksi za kubana

Wanawake wengi wenye kuvaa soksi za kubana ili kutuliza maumivu ya miguu hawajui jina la Conrad Jobst. Hakuwa munganga. Alikuwa injinia wa mashine, tena mugonjwa.

Jobst alizaliwa mwaka wa 1889 Ujerumani, kisha akahamia Marekani na kuishi Toledo, katika jimbo la Ohio. Huko alivumbua vitu mbalimbali, kati yao mashine za kutengeneza burashi. Lakini mishipa ya miguu yake ilikuwa imechoka: damu haikupanda vizuri kurudi kwenye moyo. Miguu ilivimba, ikauma, na kutoka vidonda.

Alipokuwa amesimama ndani ya maji ya pisini, aliona maumivu yanapungua. Akatafuta sababu kama fundi. Kadiri mutu anavyoshuka ndani ya maji, ndivyo maji yanamubana zaidi. Kwa hiyo kifundo cha muguu kinabanwa sana, goti kidogo, paja kidogo zaidi, na damu inasukumwa kuelekea juu. Jobst akaamua kutengeneza vazi lenye kufanya kazi hiyo ya maji. Kufikia mwaka wa 1950 alikuwa na soksi ndefu zenye kukaza chini na kulegea polepole kuelekea juu. Alikufa mwaka wa 1957. Kituo cha matibabu ya mishipa kule Toledo kinaitwa kwa jina lake.

Jobst alifikiria mishipa ya damu. Lakini leo mavazi ya namna hiyo yanasaidia pia wenye lipedema, ugonjwa ulioelezwa mwaka wa 1940 na wanganga Edgar Allen na Edgar Hines wa Mayo Clinic, Marekani. Karibu wote wenye kuupata ni wanawake. Mafuta yanajaa kwenye miguu yote miwili, toka kiunoni mpaka kwenye vifundo, lakini nyayo zinabaki nyembamba. Miguu inauma ikiguswa na inapata alama za damu haraka. Kupunguza chakula hakuondoi mafuta hayo, na bado mwanamuke anaambiwa kwamba anakula sana.

Soksi haziyeyushi mafuta. Zinapunguza maumivu, uzito na uvimbe, na hilo si jambo dogo kwa mama mwenye kusimama sokoni Kolwezi kutwa nzima.

Karibu na Kolwezi, kwenye ziwa Malo, wanawake wameosha mawe ya madini wakiwa wamesimama ndani ya maji. Maji hayo pia yanabana miguu, lakini yamechafuliwa na madini. Faida ya uvumbuzi wa Jobst ni hiyo: mutu anapata nguvu ya maji huku akiwa mukavu.

Lakini si kila soksi ya kukaza inafaa. Kitambaa kizito chenye kufumwa kwa vipimo vya muguu wenyewe kinafaa zaidi kwa lipedema, kwa sababu hakizami katika mikunjo ya ngozi. Vipimo vinachukuliwa asubuhi, mbele ya miguu kuvimba. Soksi zinavaliwa muchana na kuvuliwa usiku. Na ni lazima munganga aangalie kwanza kama damu inafika vizuri kwenye nyayo, kwa maana muguu wenye kukosa damu unaweza kuumizwa na kubanwa.