Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Mama wa Kifipa afinyangaye vyungu huchimba udongo, akaukanda, akaufanyiza chombo, kisha hukichoma moto na kukipeleka kuuzwa. Katika kazi kama hiyo alilelewa Siti binti Saad, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, wa kabila la nchi iliyo kaskazini ya Ufipa, na mama yake alikuwa Mzigua. Walikuwa watu wa ukoo wa utumwa, na mtoto wao akaitwa Mtumwa. Sheria ya mwaka 1897 iliukomesha utumwa Unguja, lakini dharau haikukomeshwa pamoja nao.

Mama alifinyanga vyungu, binti akavichukua kichwani kwenda kuviuza. Aliwaita wanunuzi kwa kuimba, hata watu wakaijua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko mpigaji mmoja wa chama cha Nadi Ikhwani Safaa akamfundisha kuimba kwa kufuata vinanda. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Maneno yote aliyashika kwa sikio, hata ya Kiarabu, na hilo si jambo dogo, kwani shairi moja huwa na beti nyingi. Siku zile taarabu iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya Sultani na wakuu, na walioifahamu walikuwa wachache. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mchukuzi wa mizigo akaifahamu sawasawa na tajiri. Ndipo jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Wenye wivu hawakukosekana. Walitunga nyimbo za kumcheka kuwa hana uzuri wa sura. Hakugombana nao, bali aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja mbele ya akili. Wala hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake mmoja, Kijiti, wasimulia habari za mtu aliyemwua mwanamke mgeni, kisha akavuka bahari kukimbilia bara, asipatwe na hukumu.

Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake mpaka Bombay, Bara Hindi, na kampuni ya His Master's Voice ikazitia nyimbo zao katika sahani za santuri. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Afrika Mashariki aliyefanyiwa hivyo. Tangu hapo watu wa Mombasa na Dar es Salaam waliisikia sauti yake pasipo kumwona, kama wale wanunuzi wa vyungu.

Katika uzee wake mshairi Shaaban Robert alimwendea, naye akamsimulia maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Masimulizi yale yakawa kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, habari za mwanamke asiyepata kusoma hata barua.